Baiskeli Mlimani: Hesabu ya Kupanda na Hesabu ya Kushuka

Barabara itokayo Mombo, katika tambarare ya Wilaya ya Korogwe, huingia kwenye bonde jembamba lenye mto, hupita Soni, na hatimaye hufika Lushoto ndani ya Milima ya Usambara ya Magharibi. Urefu wake ni kilomita 33 hivi. Mombo iko katika mwinuko wa mita 400 na ushei juu ya usawa wa bahari, na Lushoto iko karibu na mita 1,400. Kwa hiyo msafiri atokaye chini hupanda takriban mita 1,000 kabla hajafika mjini, naye arudipo hushuka mita zizo hizo.

Wengi hudhani kwamba sehemu ngumu ya safari kama hiyo kwa baiskeli ni kupanda. Kwa upande wa misuli dhana hiyo ni sahihi. Kwa upande wa usalama, sehemu ngumu ni kushuka. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuifuata, kwamba breki iliyomtosha mtu asiye na mzigo yaweza isimfae kitu akiwa na mzigo. Tena jambo lenyewe si la kuchelewa kusimama tu. Upo mpaka ambao ukivukwa baiskeli haisimami kabisa.

Kani zinazompinga mpandaji

Tuchukue mwendesha baiskeli mwenye tungamo ya kilo 65, na baiskeli nzito ya kawaida yenye tungamo ya kilo 20. Jumla ni kilo 85. Tukikadiria mchapuko wa graviti kuwa mita 10 kwa sekunde mraba, uzito wao ni nyutoni 850.

Kani ya kwanza inayompinga ni ile sehemu ya uzito inayoelekea chini ya mteremko. Barabara ya Lushoto ina wastani wa mwinuko wa asilimia 3, yaani mita 1,000 katika mita 33,000. Lakini wastani huficha mengi: zipo sehemu zilizo karibu na tambarare, na zipo sehemu zilizo kali zaidi. Kwa mfano wetu tutatumia mwinuko wa asilimia 6, yaani kila mita 100 za barabara hupanda mita 6. Kani hiyo basi ni 850 × 0.06, sawa na nyutoni 51.

Kani ya pili ni ukinzani wa kubingirika. Tairi hubonyea pale linapogusa ardhi, na nishati iliyotumika kulibonyeza hairudi yote. Tairi la upepo, ambalo John Boyd Dunlop alilitengeneza huko Belfast mwaka 1888, lilipunguza sana upotevu huo, lakini halikuuondoa. Kwa baiskeli nzito juu ya lami tunaweza kukadiria kani hiyo kuwa asilimia 1 ya uzito, yaani nyutoni 8.5. Tairi lisilo na upepo wa kutosha huiongeza.

Kani ya tatu ni ukinzani wa hewa. Hii hukua kwa mraba wa mwendo. Kwa mtu aliyekaa wima, ni takriban 0.4 × v × v, ambapo v ni mwendo kwa mita katika sekunde. Mtu apandaye polepole haihisi sana; ashukaye kwa kasi ataihisi usoni na kifuani.

Kazi, muda na chakula

Kuinua nyutoni 850 kwa mita 1,000 ni kazi ya jouli 850,000. Kuushinda ukinzani wa kubingirika kwa mita 33,000 ni kazi ya jouli 280,500. Jumla ni takriban jouli 1,130,000, tukiacha ukinzani wa hewa kwa kuwa mwendo ni mdogo. Kijana mwenye afya aweza kufanya kazi kwa kiwango cha wati 100 kwa muda mrefu, yaani jouli 100 katika kila sekunde. Kwa kiwango hicho atatumia sekunde 11,300, ambazo ni zaidi kidogo ya saa tatu.

Mwili wa binadamu hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi ya misuli. Hivyo safari hiyo hudai kama jouli 4,500,000 za chakula, sawa na ugali wa gramu 300 za unga wa mahindi. Robo tatu iliyobaki hugeuka joto, na joto hilo huondolewa hasa kwa jasho. Kwa kuwa kilo moja ya jasho likikauka huchukua jouli zipatazo 2,400,000, mpandaji aweza kupoteza karibu lita moja na nusu ya maji. Mwenye kubeba chakula akasahau maji amefanya nusu ya hesabu.

Gia hufanya nini?

Baiskeli ya kawaida isiyo na gia za kubadilisha yaweza kuwa na meno 48 mbele na meno 18 nyuma. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 2.67. Ikiwa mzingo wa gurudumu ni mita 2.2, baiskeli huenda mita 5.9. Katika muda huo mguu umesafiri katika duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 17, yaani mita 1.07 tu.

Kazi iingiayo ni sawa na kazi itokayo, tukiacha upotevu mdogo wa mnyororo. Ili kusukuma baiskeli kwa nyutoni 60 katika mwinuko wetu wa asilimia 6, mguu lazima utoe wastani wa 60 × 5.9 ÷ 1.07, ambazo ni nyutoni 331. Huo ni wastani wa mzunguko mzima. Pedali inapokuwa mbele, kani inayohitajika huzidi hapo na hukaribia uzito wa mtu mwenyewe. Ndiyo maana mpandaji husimama juu ya pedali, na baadaye hushuka akakokota baiskeli yake.

Sasa mpe baiskeli yenye meno 28 mbele na 34 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedali utampeleka mita 1.81 tu, na wastani wa kani ya mguu utakuwa nyutoni 101. Je, gia imempa nishati? Hasha. Kazi ya kupanda mlima ni ileile, na kwa wati 100 mwendo wake ni uleule wa kilomita 6 kwa saa. Gia imeigawa kazi hiyo katika mizunguko mingi na myepesi: kama 56 kwa dakika badala ya 17. Waliozichora barabara za milimani walifuata kanuni hiyohiyo. Walizizungusha zikawa ndefu, ili kani ya kila hatua ipungue.

Kushuka: nishati huenda wapi?

Nishati aliyoitumia mpandaji kuinua uzito haikupotea. Imekuwa nishati tuli, nayo humngoja juu ya mlima. Akianza kushuka, nishati hiyo hugeuka nishati mwendo, na isipoondolewa kwa njia nyingine, mwendo huongezeka hadi ukinzani wa hewa ulingane na mvuto wa mteremko.

Tuseme sasa msafiri wetu anashuka na mzigo wa kilo 60 za kabichi kwenye keria. Jumla ya tungamo ni kilo 145, na uzito ni nyutoni 1,450. Katika mteremko wa asilimia 6, uzito humvuta kwa nyutoni 87. Ukinzani wa kubingirika humzuia kwa nyutoni 14.5. Mvuto unaobaki ni nyutoni 72.5. Asipofunga breki, mwendo wake utakua hadi kufikia karibu kilomita 48 kwa saa. Asiye na mzigo hubakiwa na mvuto wa nyutoni 42.5, na mwendo wake wa mwisho ni kama kilomita 37 kwa saa.

Hapa wanafunzi huweza kuuliza: je, Galileo hakufundisha kwamba vitu vizito na vyepesi huanguka sawa? Alifundisha hivyo, na ni kweli pale ambapo hewa haizuii. Katika mfano wetu mzigo umeongeza mvuto bila kuongeza sana umbo linalopambana na hewa. Ndiyo sababu aliye mzito humpita aliye mwepesi.

Ili msafiri asifikie mwendo huo, breki lazima iondoe nishati. Breki haiimezi nishati. Huigeuza kuwa joto kati ya raba na ringi. Akishuka kilomita moja kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, nishati tuli inayotoka ni 1,450 × 60, yaani jouli 87,000. Kubingirika huchukua 14,500, na hewa huchukua kama 7,000. Breki huachiwa jouli 65,500 katika sekunde 240, yaani kiwango cha wati 273, karibu sawa na balbu tano za zamani za wati 60 zikiwaka kwa pamoja. Ikiwa ringi mbili za chuma zina tungamo ya kilo 2, joto hilo lingeweza kuongeza halijoto yake kwa nyuzi 68 za Selsiasi kama hewa isingezipoza. Kwa bahati hewa huzipoza. Lakini anayetumia breki moja tu huiachia ringi moja kazi yote, na raba iliyopata moto sana hulainika na kupoteza mshiko.

Mpaka wa breki

Sasa tufikie kiini cha makala. Msafiri yumo katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, yaani mita 8.33 kwa sekunde, katika mteremko uleule wa asilimia 6. Ghafla mtoto anavuka barabara. Nishati mwendo yake ni jouli 2,950 kama hana mzigo, na jouli 5,030 kama anao. Kani inayomsimamisha ni ile ya breki, baada ya kutoa mvuto uliobaki wa mteremko. Umbali wa kusimama ni nishati mwendo ikigawanywa kwa tofauti hiyo:

Breki ya nyutoni 350: bila mzigo mita 10, na mzigo mita 18.
Breki ya nyutoni 150: bila mzigo mita 27, na mzigo mita 65.
Breki ya nyutoni 100: bila mzigo mita 51, na mzigo mita 183.
Breki ya nyutoni 60: bila mzigo mita 169, na mzigo hasimami.

Umbali huu haukuhesabu muda wa mtu kushtuka na kukamata breki. Tumeuacha pia ukinzani wa hewa, ambao hufupisha umbali kiasi mwendo ukiwa mkubwa. Hata hivyo ukinzani huo hutoweka mwendo unapopungua, kwa hiyo hauwezi kumsimamisha mtu.

Itazame safu ya mwisho. Baiskeli ni ileile, raba ni zilezile, mkono ni uleule. Asiye na mzigo atasimama, ingawa kwa kuchelewa mno. Mwenye mzigo hatasimama, kwa sababu nyutoni 60 ni chache kuliko nyutoni 72.5 zinazomvuta. Hata akaze breki kwa kilomita nzima, baiskeli haitatulia. Hili ndilo linalowahadaa watu: breki yao imewatumikia miaka mingi katika tambarare, ambako kani yoyote ya breki, hata ndogo, mwishowe humsimamisha mtu. Mlimani kani ndogo si breki dhaifu. Si breki kabisa.

Ukungu na mvua

Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hubeba mvuke. Zinapokutana na milima hulazimika kupanda, na hewa ipandapo hutanuka na kupoa. Kwa wastani halijoto hupungua kwa nyuzi 6 au 7 katika kila mita 1,000, na mvuke hugeuka matone. Ndiyo sababu misitu ya Magamba, juu ya Lushoto, huwa mibichi na yenye ukungu wakati Mombo ni kukavu na joto.

Kwa mwendesha baiskeli jambo hili lina maana maalumu. Ringi hulowa kule juu, mahali mteremko unapoanzia. Ringi ya chuma iliyopakwa kromu ni nyororo. Maji hufanya utando kati yake na raba, na msuguano huweza kushuka hadi sehemu ndogo tu ya ule wa ringi kavu. Breki ya nyutoni 350 yaweza basi kujikuta karibu na mpaka tulioueleza. Ringi za aluminiamu nazo hupungukiwa, lakini kwa kawaida si kwa kiasi hicho.

Kona

Bonde lina kona nyingi. Katika kona, msuguano wa tairi na barabara ndio umgeuzao msafiri. Mchapuko unaohitajika ni mraba wa mwendo ukigawanywa kwa nusu kipenyo cha kona. Kwa kona yenye nusu kipenyo cha mita 20 na mwendo wa kilomita 15 kwa saa, mchapuko huo ni mita 0.87 kwa sekunde mraba, na msafiri huinama nyuzi 5 tu. Kwa mwendo wa kilomita 48 kwa saa, mchapuko ni takriban mita 9, na angepaswa kuinama zaidi ya nyuzi 40. Lami iliyolowa au yenye mchanga haiwezi kutoa msuguano wa namna hiyo. Mwendo umezidi kama mara tatu, lakini hitaji limezidi mara kumi. Kwa hiyo mwendo hupunguzwa kabla ya kona, si ndani yake.

Jaribio la shuleni

Jaribio hili lifanyike uwanjani, mahali tambarare pasipo na magari, mwalimu akiwapo, na mwendeshaji akiwa amevaa kofia ngumu.

Kwanza, pima mteremko wa barabara iliyo karibu na shule. Chukua ubao wa mita moja na pimamaji ya mwashi. Laza ubao kuelekea chini ya mteremko, kisha inua ncha ya chini hadi pimamaji ionyeshe usawa. Sentimita zilizo kati ya ncha hiyo na barabara ndizo asilimia za mteremko.

Pili, pima breki. Weka alama mbili zilizoachana mita 20. Mwendeshaji azipite kwa sekunde 5, yaani kwa mwendo wa mita 4 kwa sekunde, na afunge breki zote mbili kwenye alama ya pili. Pima umbali aliosimamia. Kani yote iliyomsimamisha ni tungamo mara mraba wa mwendo, ikigawanywa kwa mara mbili ya umbali. Mathalani, kwa kilo 85 na umbali wa mita 4, kani ni 85 × 16 ÷ 8, yaani nyutoni 170. Toa asilimia 1 ya uzito kwa ajili ya kubingirika. Kani ya breki ni nyutoni 161.5.

Tatu, lowesha ringi kwa maji na urudie. Tuseme umbali sasa ni mita 10. Kani yote ni nyutoni 68, na ya breki ni 59.5.

Nne, tafuta mteremko wa mwisho, yaani ule ambao breki hiyo huweza kuuzuia pasipo kubakiwa na ziada. Gawanya kani ya breki kwa uzito wote, kisha ongeza 0.01. Breki yetu iliyolowa, kwa uzito wa nyutoni 850, hutupa asilimia 8. Kwa uzito wa nyutoni 1,450 hutupa asilimia 5 tu. Mteremko wa asilimia 6 umekwisha kuupita mpaka huo. Kwa kuwa huo ni mpaka wa mwisho, mtu mwangalifu hataki kuukaribia. Na achukue nusu yake kuwa kiwango cha usalama.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na hesabu hizi tunapata kanuni chache. Breki ya mbele isifunguliwe wala kulegezwa kwa hofu ya kupinduka. Baiskeli inapofunga breki uzito huelemea gurudumu la mbele, na hapo ndipo mshiko ulipo. Ifungwe taratibu, pamoja na ya nyuma. Mwendo uzuiwe mapema, kwa sababu nishati mwendo hukua kwa mraba. Ringi zikilowa, breki ziguswe mara kwa mara ili raba zifute maji kabla hazijahitajiwa. Katika mteremko mrefu msafiri asimame na kuziacha ringi zipoe. Na ikiwa mzigo ni mzito na mteremko ni mkali, ashuke akokote baiskeli: kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa nishati ya kuondolewa ni kama wati 100 tu, na miguu yake mwenyewe husaidia kuizuia.

Maswali

1. Mwanafunzi wa kilo 50 ana baiskeli ya kilo 20. Tafuta kani ndogo kabisa ya breki itakayomzuia asiongeze mwendo katika mteremko wa asilimia 8. Rudia hesabu akiwa na gunia la kilo 40. (Majibu: nyutoni 49, nyutoni 77.)

2. Eleza kwa nini breki inayotosha Mombo mjini yaweza isitoshe kwenye barabara ya kushuka kutoka Soni.

3. Barabara mbili hupanda mlima mmoja wa mita 300. Ya kwanza ina urefu wa kilomita 5, ya pili kilomita 10. Linganisha kani na kazi ya kuinua uzito katika kila moja. Ni ipi iliyo salama zaidi kwa kushuka na mzigo, na kwa nini?

4. Pimeni breki za baiskeli tano zinazokuja shuleni, kavu na zilizolowa. Ni ngapi kati yake zinazoweza kushuka kwa usalama mteremko ulio karibu nanyi zikiwa na mzigo wa kilo 60? Waelezeni wenye baiskeli matokeo yenu.